Mkono wa Babu Ulipoambiwa Upumzike

Mdogo wangu Lusajo,

Kuna jambo sijamwambia mtu: nilimkuta Babu akichuma chai kwa mkono ule uliopigwa na kiharusi. Sisi wengine hapa Ikuti hatujambo, mvua tu haikatiki.

Uliniuliza kama mazoezi yanamsaidia. Nguvu za vidole zilikuwa zinaongezeka kila alipopimwa. Kisha mtaalamu wa mazoezi akamwambia, "Mzee, wiki hii usiutumie mkono kabisa. Ukilegea, tutajua mazoezi ndiyo yaliyousaidia. Usipolegea, unapona wenyewe, nitaacha kuja."

Kumbe Babu akaenda shambani.

"Babu, si umeambiwa upumzike?"

"Gwe, wewe mjukuu wangu, mimi nimepumzika. Chai ndiyo haipumziki," akacheka.

Jana alipimwa, mkono haukulegea. Mtaalamu anataka kuacha kuja. Sasa sielewi: umepona wenyewe, au kuchuma chai nako ni mazoezi? Nikisema, Babu atafokewa. Nikinyamaza, huenda akakosa matibabu anayoyahitaji.

Nitamwambia mtaalamu Jumatatu, nikipata ujasiri. Mpaka hapo tafadhali usimwambie mtu, hata Babu mwenyewe, kwamba nitamsema, maana sasa hivi ananiita nikamfunge kikapu cha chai mgongoni.

Dada yako,
Tusa