Chipu Inayojua Anwani

Kahaso mwanangu,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi nakujibu kabisa.

Huku kijijini Barani, pwani kwetu, kwema. Ile kompyuta kuukuu ya hoteli bado ninayo, kubwa kama sanduku la nguo. Mafundi watatu wenye vyeti iliwashinda. Mimi wa darasa la nne nikachomoa chipu moja, nikaisugua miguu kwa kifutio, kompyuta ikawaka. Kazi ya chipu ile ni anwani. Kila programu mle ndani huambiwa inakaa nyumba namba moja, nayo huamini. Chipu peke yake ndiyo ijuayo kila moja imewekwa wapi hasa.

Barua niliyotuma kwa anwani uliyoniachia ya Kilifi imerudi. Dadako Everlyne anajua unakokaa, lakini nikimwuliza ananyamaza kama chipu. Basi hii ataileta yeye.

Mchumba wako Mutuku nilimfukuza, sikatai. Nilisema mtu wa bara hatakalia kiti changu. Viti bado ni viwili, na kimoja hakikaliwi na mtu tangu uondoke. Njooni nyote wawili. Mimi nitakalia kompyuta.

Ni mimi babako,
Ngumbao