Aya Nilizoruka

Ghorofa ya Tatu, Juu ya Duka la Mshonaji,
S.L.P. 218.
Jumapili, 9 Novemba

Mpwa wangu mpendwa, Kijiko,

Nabisha hodi kwa salamu kwanza, ingawa najua unatamani niingie moja kwa moja kwenye habari za mama yako. Hujambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakwenda kwenye tanuri la mikate alfajiri ukiwa umejizungushia kitambaa shingoni? Mume wako hajambo? Na mapacha, wameacha kung'atana? Sisi hatujambo, kwa kiasi ambacho watu wa umri wetu huwa hawajambo. Magoti yangu hulalamika kila siku, lakini hunifikisha.

Barua yako ya tarehe 20 Oktoba ilifika Jumatatu iliyopita. Nimeisoma mara tatu. Ina makosa kumi na moja, nawe umelelewa katika nyumba ya msahihishaji. Sitayataja. Safari hii mwenye kosa kubwa ni mimi, na nimekaa hapa ili nilikiri.

Uliniuliza siku hizi nafurahishwa na nini: nasoma kitabu gani, nakula kitu gani kitamu, na kama ningependa kuyaona majira ya huko, majani yanapogeuka rangi na kupukutika. Ni maswali mazuri. Nilikaa nayo kitini muda mrefu bila jibu, kama mtu aliyeulizwa habari za jirani aliyehama zamani. Nimechoka, mpwa wangu. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyo. Asubuhi hupandisha ndoo mbili za maji ngazi hamsini na mbili, maana bomba la ghorofa yetu halijatengenezwa tangu Julai. Mke wa mshonaji huja kumwogesha mama yako. Mimi hupika, huosha vyombo, huhesabu vidonge, kisha hupika tena chakula ambacho najua hakitaliwa. Jua likitua huwa sina nguvu hata ya kugeuza ukurasa.

Sasa hali ya mama yako. Unajua kwamba macho yamekwisha kabisa na kwamba figo zimechoka. Usichokijua ni hiki: daktari amemkataza chumvi, na tangu Septemba hali chochote cha maana. Vijiko vinne mchana, vitatu jioni, kisha anafunga mdomo. Wewe wamfahamu. Miaka ishirini na tisa alikuwa mpishi mkuu wa hospitali, akiwapakulia wagonjwa chakula kisicho na chumvi huku akiwaambia, "Chumvi ni ya wazima, pona kwanza." Siku ya kwanza nilipomwekea sahani yake mwenyewe ya namna ile, alionja, akatua kijiko, akasema, "Kumbe wale watu walikuwa wavumilivu!"

Muuguzi huja kila Ijumaa na mizani yake. Kilo arobaini na tatu, arobaini na mbili, arobaini na moja, kisha arobaini na nusu. Alitwambia wazi kwamba mizani ikishuka chini ya arobaini, mama yako atalazwa na kulishwa kwa mpira wa puani. Mama yako alijibu kwamba wodi ile anaijua kuanzia jikoni kwake, na hataki kufia mahali ambapo anajua supu inavyopikwa. Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka.

Hatukukwambia kwa simu. Simuni ninyi wawili huulizana dawa, hali ya hewa na watoto, kisha mama yako husema sauti yako inatoka ndani ya debe, na mazungumzo yanakwisha. Alinikataza kukueleza. Leo ameniruhusu, na utaona kwa nini.

Tangu macho yalipozimika, humsomea kila siku saa kumi alasiri. Kitabu ni kile cha jalada la kijani, cha mwanamke mwenye mkahawa kwenye stesheni ya reli. Hukijui vizuri, kwa kuwa nilikuzuia kukishika ulipokuwa na mikono ya siagi. Ni kitabu nikipendacho kuliko vyote, wala si kwa sababu ni kizuri kuliko vyote. Nilikisahihisha mimi, nikiwa kijana, mwaka wangu wa kwanza kwenye kiwanda cha chapa.

Labda sikuwahi kukueleza kazi ile ilivyofanywa. Ilihitaji watu wawili. Mmoja alisoma mswada kwa sauti, kila neno na kila alama: koma, nukta, aya mpya. Mwingine alifuata kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya majaribio ili kuona kama mpiga chapa ameacha kitu. Mwenzangu kiwandani aliugua, kazi ikawa na haraka, nikaibeba nyumbani. Mama yako ndiye aliyenisomea, jioni kumi na moja mfululizo, akitoka jikoni hospitalini na miguu imevimba. Alichoka kutamka "nukta", akaanza kuniita hivyo. Jina likabaki. Ndiyo sababu hata wewe ulijifunza kuniita Mjomba Nukta kabla hujajua kuhesabu.

Katika kazi yetu herufi iliyokosewa ni aibu ndogo. Aibu kubwa ni aya iliyorukwa. Msomaji hawezi kuona kisichokuwepo, na kwa hiyo msahihishaji anayeruka ni sawa na mlinzi anayelala. Nilifundisha hivyo vijana wengi, na kwa ukali.

Basi mimi, Kijiko, nimekuwa nikiruka. Kitabu kile kimejaa chakula. Vitunguu vinakaangwa, samli inanukia, abiria wanang'ang'ania mkate wa moto dirishani. Mtu aliyekatazwa chumvi, asiyeona, anayekonda, nimsomee hayo? Niliona ni ukatili. Kwa hiyo kila nilipofika jikoni mwa yule mwanamke, nilipita kimyakimya na kuunganisha sentensi. Niliunganisha vizuri sana, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mkahawa ukabaki na viti, saa ya ukutani na treni zinazochelewa. Mama yako alisikiliza bila neno.

Jumatatu ikaja barua yako. Karatasi tatu, na jani moja jekundu ndani. Nilipoisoma peke yangu, niliona kwamba karatasi ya pili yote ni mkate unaotoka tanurini, matofaa yenye mdalasini, na supu ya boga mnayokunywa mkirudi kutoka kwenye baridi. Nikaiweka kando. Jani nikalitia mfukoni, maana vumbi lake lingemwagika kitandani. Nikamsomea ya kwanza na ya tatu.

Nilipomaliza akasema, "Nukta, mwanangu ameandika karatasi ngapi?"

"Mbili, dada."

"Nimesikia ukikunjua tatu."

Nikaanza kuzikunja karatasi.

"Umeruka."

"Nimeruka nini?"

"We endelea tu kujifanya. Umeruka kwenye barua kama unavyoruka kwenye kitabu. Unadhani sijui? Yule mama wa stesheni hajapika hata yai tangu Septemba! Wateja wanakuja kufanya nini pale, kuangalia saa?"

Nilimwambia nilikuwa namhurumia. Akanigeuzia uso, na ingawa macho hayaoni, nilijihisi kama siku aliponikamata nimelamba sukari, nikiwa na miaka sita.

"Sikiliza, mdogo wangu. Chumvi wamenikataza kula. Hawajanikataza kusikia. Wewe ndiye uliyenikataza. Nakaa hapa nakula uji usio na ladha, nasikiliza kitabu kisicho na ladha, na sasa barua ya mwanangu nayo umeitoa chumvi. Nile kwa sababu gani?"

Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Na hizo karanga unazokula chini ya ngazi, za chumvi, huwa tamu?"

Naam, hili nalo nalikiri. Tangu alipokatazwa, nami sili chumvi humu ndani, ili harufu isimtese. Lakini mara mbili kwa wiki hushuka hadi mlangoni kwa mshonaji, hununua kwa mchuuzi kifuko kimoja cha karanga za kukaanga, huzila nimesimama chini ya ngazi, hufuta mdomo na kupanda. Mzee wa miaka sabini na mitatu! Nilikuwa nimesahau kwamba macho ya mpishi yako puani.

Nikaichukua karatasi ya pili nikaisoma yote, na makosa yake, bila kurekebisha hata moja. Nilisoma polepole. Ulipoeleza ganda la mkate linavyolia likivunjika, alisema, "Ehe." Ulipofika kwenye matofaa, aliuliza mdalasini uliwekwa kabla au baada ya kuiva, nikamwambia hukusema, akasema huyo ndiye mwanangu, hajawahi kumaliza kueleza upishi. Nilipomaliza alitaka jani. Nikampa. Akalipapasa kingo, akalinusa, kisha kabla sijamzuia akaling'ata.

Akatafuna kidogo, akatema kiganjani.

"Hata mpishi wa hili kasahau chumvi," akasema.

Akacheka mpaka akakohoa, nami nikacheka, mpwa wangu, jambo ambalo mbavu zangu hazikulitarajia. Halafu akasema nilete sahani, na nisome nikiwa naye mezani, si kitandani.

Ndivyo tunavyofanya sasa. Namwekea chakula kilekile, na nasoma jikoni mwa stesheni, kutoka mahali pa kwanza niliporuka. Vitunguu vikianza kukaangwa kitabuni, mkono wake unakwenda kwenye kijiko. Jumatano alikula vijiko kumi na viwili. Alhamisi kumi na kimoja, akadai mwandishi alizembea kwenye samaki.

Ijumaa muuguzi akaja. Kilo arobaini na nusu, ileile ya wiki iliyotangulia. Alishangaa, maana hakutegemea isimame. Akauliza, "Mnampa nini siku hizi?"

"Ukurasa wa sitini na nne," mama yako akajibu.

Muuguzi alinitazama kana kwamba ni jina la dawa asiyoijua. Nilimweleza. Akasema hawezi kuandika hivyo kwenye kadi, ila atarudisha kadi mkobani na kungoja mpaka katikati ya Desemba kabla ya kuzungumza tena habari za wodi.

Sitakudanganya kwamba amepona. Figo ni zilezile. Kuna siku anasinzia kabla kijiko hakijafika mdomoni, na mimi naendelea kumsomea mtu aliyelala kwa kuwa sijui la kufanya. Lakini anakula. Naye anauliza kesho kunapikwa nini kitabuni.

Hapa ndipo unapohitajika. Nimezihesabu kurasa nilizokuwa nimeziruka. Zimebaki ishirini na nane. Tukisoma mmoja kwa siku, wala tusiwe walafi, zitatufikisha siku ishirini na nane, yaani siku zilezile ambazo barua hii itachukua kukufikia na jibu lako kurudi. Usisubiri mwisho wa mwezi. Usitafute karatasi nzuri. Andika jinsi unavyoongea, hata ukikosea mara mia, na usiniondolee kitu kwa kuogopa kwamba tutaumia. Tueleze mkate, moshi, harufu ya majani yaliyolowa chini ya viatu, jinsi supu inavyounguza ulimi. Ukiweza kuja mwenyewe, njoo. Usipoweza, andika kila wiki.

Nadhani nimeyajibu maswali yako. Kitabu ni kile cha kijani. Kitamu ni karanga, na kuanzia sasa nitazila ndani, mama yako ameamuru, ili naye anuse. Kuhusu majira ya kupukutika majani, naona yanatosha haya tuliyo nayo humu. Ila ningependa kuliona jani moja kabla halijaanguka. Lile ulilotuma nimelitia kwenye ukurasa tutakaousoma kesho. Lina alama ya meno matatu, na hayo ndiyo yote aliyobakiza mbele.

Mama yako anataka niongeze neno, na ameniapisha niliandike kama alivyolisema. Anasema: "Mwambie Kijiko, ule mkate aliumega kwa mkono ama aliukata kwa kisu? Maana ladha haiwi moja. Hakusema. Namngoja aniambie."

Msalimu mume wako, umwambie kazi yake ya baiskeli naisifu hata kama siielewi. Wabusu mapacha. Mshonaji na mkewe wanakusalimu. Mkewe anasema usisahau viatu vya joto. Mungu akulinde njiani unapokwenda tanurini gizani, aibariki mikono yako na vinavyotoka mikononi mwako, na atujalie sisi kuwepo barua yako ikifika.

Jibu swali la mama yako mapema. Anasubiri mezani.

Ni mimi nikupendaye, bila kuruka neno,

Mjomba Nukta