Darasa la Mtoto Mmoja

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa, na mguu wangu unauma kidogo tu, kwa hiyo usimsikilize sana dada yako.

Shule yetu imefungwa. Mwaka huu darasa la kwanza nilipata mtoto mmoja tu, binti wa seremala, tunayemwita Kibogoyo kwa sababu meno ya mbele yamemtoka. Kila asubuhi aliniuliza, "Mwalimu, wenzangu watakuja lini?" Nami nikamjibu, "Wako njiani, mama."

Kisha akaja afisa elimu. Alisema kwa upole kwamba wanafunzi wamepungua mkoa mzima, na mjini wanabanana madawatini, hivyo tunaunganishwa na shule ya ng'ambo ya mto. "Watu wamehama tu, Mwalimu. Hakuna wa kulaumiwa." Nikaitikia kwa kichwa, huku nikikuwaza wewe na wanao.

Ng'ambo ni mbali kwa miguu ya mtoto. Seremala ameamua kumpeleka bintiye kwa shangazi yake mjini. Alipokuja kuniaga, Kibogoyo aliniambia, "Wenzangu wakifika, waambie nimetangulia." Nilimchekea mpaka akapinda kona, ndipo nikakaa kizingitini nikalia.

Sikulaumu, baba. Kazi iko huko. Ila likizo ikifika, niletee wajukuu zangu hata kwa siku mbili. Sitawafundisha kitu. Nataka tu kusikia watoto wakigombana hapa uani.

Ni mimi mama yako, ninayekukumbuka.