Nilionja kwa Niaba ya Familia

Siku ya Tano, tarehe 7/6/2013

Bunia hii, kuanzia Mbunya mpaka kiwanja cha ndege, hakuna ndoa inayosimama bila mimi, Félicien. Hiyo iandikwe. Padri anaweza kuugua, wakubwa wa bureau wanaweza kusafiri. Mimi nikikosa, hakuna kitu.

Leo imefika barua ya muzee Josaphat, yule mtu wa Butembo mwenye maduka mawili ya mabati, moja hapa Bunia na moja kule. Kijana wake Ézéchiel anataka kumuoa Grâce wetu. Barua iko na cachet, muhuri kabisa! Familia mbili zikutane keshokutwa, siku ya Mungu, saa saba mchana, na si nyumbani — Chez Godelive, ile restora ndogo ya quartier Lumumba, meza saba na divai nzuri. Divai! Wamejua wanamualika nani.

Grâce ni mutoto wa kaka yangu. Kaka alikufa wakati wa vita, kwa hiyo mwenye kusema kwa ajili yake ni baba mudogo, ni mimi. Hakuna mwingine.

Mama yake, shemeji Scholastique, ndiye aliyesoma barua kwa sauti. Miwani yangu iko mahali fulani. Kusoma najua. Nilifika cinquième primaire, darasa la tano, na sixième niliimaliza kwa akili tu.

Jioni Grâce akanifuata nyuma ya nyumba. Anasomea uuguzi, amebakiza mwaka mmoja. Akasema: baba mudogo, Ézéchiel simkatai, ni mutu muzuri. Lakini baba yake anataka niende Butembo mwezi wa nane, nikae dukani na mama yao. Waombe mwaka mmoja. Nimalize, nipate diplome yangu, kisha nitaenda. Neno moja tu, baba mudogo.

Nikamwambia: mutoto, mimi wakati wa vita nilivuka barrage tatu za askari kwa nusu ya neno! Akacheka kidogo. Kisha akarudia: mwaka mmoja, usisahau.

Mimi, kusahau!

Siku ya Posho, tarehe 8/6/2013

Koti nimeazima. Mikono ni mifupi, lakini mtu mkubwa anatazamwa kifuani.

Shemeji Scholastique alikuja asubuhi kunifundisha desturi. Mimi! Akasema: weye unajua, mwenye kusema hanywi kitu cha wakwe mpaka amemaliza neno lake la mwisho. Ukinywa kopo lao, umekubali yote waliyosema, imeisha. Kama kwamba sijui. Desturi hiyo karibu ni mimi niliitunga. Nikamjibu: shemeji, hata Fanta sitagusa. Nitabeba maji yangu.

Kisha jirani Adeline akataka kujua divai nimeijulia wapi. Nikamweleza Epulu. Miaka nane nilitunza divai ya wazungu wa station ya okapi, wale wanyama wa msituni. Okapi moja ilikuwa haigusi majani mpaka niiambie bon appétit. Na Mubelgiji mmoja nilimwambia, kwa kunusa tu, kwamba chupa yake ilizibwa na mtu wa mkono wa kushoto. Wakauliza Ulaya kwa barua. Ilikuwa kweli!

Adeline akasema: tonton Féli, mwaka jana ulisema Mufaransa.

Nikamjibu: walikuwa wawili.

Siku ya Mungu, tarehe 9/6/2013

Saa kumi na moja. Nimerudi peke yangu. Shemeji alitangulia kwa miguu, hakutaka tupande moto moja, pikipiki.

Niandike kwa mpango.

Restora ni nzuri, hiyo sikatai. Vitambaa vyekundu, pazia, mushumaa mchana kweupe! Nje joto na vumbi, ndani hata kijiko kinaona haya kulia. Pembeni wazungu wawili wa kofia za bluu, wale walinda amani, kofia wamezilaza kwenye kiti. Tangu vita sijakaa mahali wanaleta mkate hujaomba. Samaki wa Kasenyi, ngozi yake inalia kwenye meno. Mama Godelive mwenyewe alitoka jikoni kutusalimu: karibuni, mujisikie kwenu.

Upande wao walikuwa watatu: muzee Josaphat, dada yake mama Vahwere — mwanamke wa sauti, huyo — na Ézéchiel, kimya, tai imemkaba. Upande wetu mimi na shemeji. Grâce alibaki nyumbani, ndiyo desturi.

Muzee Josaphat akaanza. Alisema vizuri, lazima nikubali. Wanaomba mutoto. Ng'ombe watakuja vile tunavyotaka, maana wanajua siye ni watu wa ng'ombe. Harusi mwezi wa nane. Na mwezi huohuo Grâce ashuke Butembo, mama ya Ézéchiel anazeeka, duka la kule linataka mtu. Akakaa.

Zamu yangu. Nikavuta koti. Neno lilikuwa hapa, nyuma ya meno: mwaka mmoja.

Ndipo Jean-Pierre akafika. Huyo ni serveur, shati nyeupe, kitambaa mkononi. Alikuwa na chupa ambayo muzee Josaphat aliagiza. Alizunguka meza yote, akawapita wote, akasimama kwangu! Akanionyesha karatasi ya chupa. Nikatikisa kichwa sawa vile nimesoma. Akafungua — po! — akamimina kidogo kwenye glasi yangu, kidole kimoja. Akasema: patron, utaonja?

Patron. Mbele ya wote. Mbele ya wazungu.

Nikasema moyoni: nitanusa tu. Kunusa si kunywa. Nikazungusha glasi. Nikaweka pua. Muzungu mmoja amegeuka. Nikasema: hii imelala kwenye mbao miaka sita, upande wa jua. Mama Vahwere akasema: eh! Huyu mutu anajua! Na Jean-Pierre bado amesimama, chupa imeinama, ananitazama, anangoja. Mtu akikungoja hivyo, utafanya nini?

Nikanywa. Nikasema: excellent.

Mama Vahwere alipiga vigelegele mpaka mushumaa ukayumba. Amekunywa! Baba ya mutoto amekunywa! Muzee Josaphat akashika mikono yangu yote miwili. Akasema: asante, mukwe, nilikuja na maneno ya masaa matatu, weye umeyamaliza kwa mara moja. Ézéchiel alicheka, mara ya kwanza siku nzima, maskini. Nikasema: ngojeni, ile ilikuwa ya kuonja! Wakacheka zaidi. Wakasema nina mizaha. Glasi zote zilikuwa zimejaa tayari.

Nilisema tena: kuna neno. Muzee Josaphat akaniambia: neno liko, tutalisikia kwenye harusi!

Shemeji Scholastique aliweka uma chini. Alitazama samaki wake. Hakumumaliza.

Chupa yangu ya maji imerudi imejaa.

Siku ya Kwanza, tarehe 10/6/2013

Mvua. Sijatoka.

Siku ya Pili, tarehe 11/6/2013

Grâce alikuja baada ya masomo, na blouse nyeupe ya uuguzi imekunjwa kwenye mfuko. Nilijitayarisha kwa makelele. Makelele ninayaweza. Hakupiga.

Akauliza: baba mudogo, ilikuwa muzuri, hiyo divai?

Nikasema: excellent.

Akasema: ndiyo, mama aliniambia ulisema hivyo.

Akakaa kwenye kiti kidogo, akachambua maharagwe yangu yote. Nikamweleza kwamba ilikuwa mbinu, niliwalegeza kwanza, sasa nitawapiga kwa neno. Hakuinua uso. Akasema professeur wake wa pédiatrie amemwambia stage, ile kazi ya mazoezi hospitalini ya mwaka wa mwisho, inaanza mwezi wa kumi. Akasema: mwezi wa kumi nitakuwa dukani Butembo ninapima misumari.

Nimemwapia kwamba kesho naenda kwa muzee Josaphat mwenyewe. Nimeapa kwa jina la kaka. Hiyo sikupaswa.

Siku ya Tatu, tarehe 12/6/2013

Nilienda. Iandikwe kwamba nilienda.

Niliingia duka lake la hapa Bunia nimekunja uso. Muzee Josaphat akapaza sauti: mukwe! Leteni kiti cha mukwe! Wakaleta kiti, wakaleta Fanta, wateja wakaambiwa mimi ni nani. Ndiye yule, anajua umri wa divai kwa pua! Mmoja akaomba nisimulie ile ya Epulu. Nikasema: nimekuja kwa jambo lingine. Wakasema: kidogo tu, tonton!

Nikasimulia ya okapi. Kisha wakaomba ya Mubelgiji.

Kila mara neno likifika mdomoni, mtu anasema endelea. Mama Vahwere akaja na kitenge, amekwisha kuchagua kimoja kwa wanawake wote wa familia, chenye majani ya kijani. Amekwisha kupiga simu Butembo. Kule wameimba kwenye simu. Wakanisikilizisha! Watu ambao hawajaniona wanaimba jina langu. Félicien, Félicien. Nitasimama hapo niseme nini?

Dereva mmoja akaingia, akasema malori yamezuiliwa tena njia ya Komanda, kumesikika risasi. Mwingine akasema uongo, yeye amepita jana, kimya kabisa. Amani yetu ni hiyo, kila dereva na yake. Muzee Josaphat akasema mpaka mwezi wa nane itatulia. Nikaona mlango wa kupitisha neno langu: nikasema, basi muzee, si afadhali mutoto angoje, labda mwaka —

Akanipiga begani. Akasema: mukwe, hata siye tunamupenda. Usiogope, atapita na msafara.

Nilitoka na misumari kilo moja, zawadi. Grâce alikuwa amekaa mlangoni kwangu. Aliona misumari, akainuka, akaenda.

Siku ya Ine, tarehe 13/6/2013

Saa tatu asubuhi nilipita mlango wa jikoni Chez Godelive. Jean-Pierre alikuwa anasugua glasi, anazitazama kwenye mwanga moja moja. Nikamuuliza, kwa siri, sawa vile watu wa kazi moja wanaulizana: mtu akikwisha kuonja, kuna namna ya kurudisha?

Akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

Akasema: lakini patron, kuonja ni kwa ajili ya kukataa. Ndiyo maana namimina kidole kimoja. Kama haikupendezi, unaweka glasi chini, unasema hapana, mimi narudisha chupa. Hakuna anayekasirika. Nilisimama pale nangoja useme ndiyo ao hapana.

Nikauliza: hata kama chupa imeagizwa na mukwe?

Akasema: hata kama ni ya askofu.

Nilikaa kwenye kreti ya chupa tupu. Mama Godelive akanipa chai, hakuuliza. Nilikaa hapo mpaka walipoanza kukaanga vitunguu.

Nikiwa pale nimemtuma Jean-Pierre apige simu kwa muzee Josaphat: tukutane tena, hapahapa, siku ya posho saa sita, mambo ya ng'ombe. Nimesema ng'ombe maana najua kwa ajili ya ng'ombe atakuja.

Siku ya Posho, tarehe 15/6/2013

Niko Chez Godelive. Naandika hapa mezani. Saa sita kasoro. Meza ileile, kitambaa kilekile, wamefua, doa la divai halikutoka lote. Hakuna wazungu leo.

Grâce amekuja. Nilimwambia desturi haitaki. Akasema desturi aliishika siku ya Mungu, na ameona ilimpa nini. Amekaa meza ya dirishani na madaftari yake, mgongo kwetu, amejifanya mteja. Mama Godelive amempa chai na hakumuuliza kitu. Shemeji Scholastique amekaa kulia kwangu. Amenisogezea chupa yangu ya maji karibu na mkono.

Discours yangu: Muzee Josaphat, tunakubali kijana. Tunaomba mwaka mmoja mutoto amalize masomo. Basi. Nimeirudia njia nzima. Dereva wa moto aliuliza kama naomba rozari.

Gari limesimama nje.

Wameingia. Muzee Josaphat amenikumbatia, mama Vahwere amevaa kile kitenge cha majani. Amekwisha kukishona! Shemeji ameletewa kipande chake, amekiweka magotini, hakukikunjua. Ézéchiel amemwona Grâce dirishani. Amesimama katikati ya meza mbili, hajui akae wapi. Muzee Josaphat naye amemwona. Amesema: ah, bibi-harusi ameshindwa kungoja! Wote wamecheka. Mgongo wa Grâce haukutikisika.

Mama Vahwere anauliza naandika nini. Nimesema: discours. Amesema: tonton iko na discours! Nyamazeni! Sasa wamenyamaza kweli. Naendelea kuandika, maana nikiinua kichwa itabidi niseme.

Jean-Pierre anakuja. Ana chupa. Muzee Josaphat aliiagiza kwa simu, ileile, amesema: ile iliyompendeza mukwe. Po. Amemimina kidole kimoja. Hakuniita patron. Amesema polepole, kwangu tu: papa, unaonja — na amenitazama sawa vile mwalimu anamtazama mutoto aliyekwisha kuambiwa jibu.

Grâce amegeuka. Ananitazama pia.

Glasi iko hapa, mbele ya daftari. Mkono wa kushoto uko karibu nayo, sijui nani aliuweka hapo. Neno ni fupi, hapana, hata cinquième primaire wanalijua.

Kabla sijainua kichwa, ukweli mmoja, mdogo, wa humu tu. Epulu nilikuwa nakata majani ya okapi. Divai ya kwanza katika maisha yangu ni ile ya siku ya Mungu, na haikunipendeza. Ilikuwa chungu mpaka ulimi ukajikunja. Niliijua mbaya tangu ilipogusa meno, na nikasema excellent.