Kizibo cha Mzee Mibei

Laini za Kiwandani,
Posta ya Kericho.
17 Mei 1936

Mpendwa shemeji Ogola,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo wewe? Mkeo Jerusa hajambo? Kile kikohozi chako cha vumbi la karakana kimepungua, au bado unakinywea soda na kusema ni dawa? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mtoto wetu Wilkista ameota meno mawili na sasa anauma kila kitu, pamoja na kidole cha kaka yako. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo chenu bado kinanishinda kwenye karatasi. Ukinicheka nitaandika Kigusii, tuone nani atacheka.

Mvua ya mwaka huu haina adabu. Kila siku baada ya chakula cha mchana inashuka, na wiki iliyopita ilikuja na mawe ikachanachana chai ya upande wa mto. Nguo za mtoto nazianika juu ya moto, basi nyumba nzima inanuka moshi na maziwa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Nimesikia kwamba huko Nairobi watu wanasema kaka yako Okello aliondolewa kwenye injini kwa sababu ya uvivu. Umbeya haulipi nauli, ndiyo maana unafika upesi. Nisipokueleza mimi, yeye hatakueleza. Unamjua kaka yako, mdomo wake umekazwa kwa spana.

Unaikumbuka ile injini ndogo ya mafuta inayovuta mabehewa ya majani ya chai kutoka mashambani mpaka kiwandani. Watu wa hapa wanaiita Ndama. Mwezi wa tatu mpira wake wa kupumulia ulipasuka, ule unaotoka juu ya tangi. Okello amenieleza mara nyingi hata naweza kuufunga mimi mwenyewe: mafuta yakitoka kwenye tangi, ni lazima hewa iingie mahali pake, na mpira ule ndio pua. Aliweka mpira mpya, akakaza kila nati, akapaka povu la sabuni kwenye viungo kuona kama panavuja. Hapakuvuja. Ila kile kiwiko cha shaba kinachouinamisha mdomo wa mpira uangalie chini kilikuwa kimekatika, ndiyo sababu alikuandikia umtengenezee kingine. Wakati wa kukingoja, mdomo ukabaki unatazama mbinguni, na wewe unajua mbingu za Kericho.

Anayelinda banda la Ndama usiku ni mzee mmoja Mkipsigis, arap Mibei. Shemeji, mzee huyu ni mtu wetu. Nilipojifungua na maziwa yangu yakawa machache, ni yeye aliyeanza kutuletea maziwa ya ng'ombe wake kwenye kibuyu, bila kuombwa na bila kutaka kitu. Basi jioni moja Okello alipokuwa akimkabidhi banda akamwambia, "Mzee, mvua ikiingia kwenye hii pua, mimi nimekwisha."

Alisema tu, kama mtu anavyolalamika. Lakini maneno yale yalimwingia mzee. Kwao kibuyu cha maziwa hakiachwi wazi hata kidogo, na mtu anayekiacha wazi anaonekana hana malezi. Akaenda akakata kizibo cha ngozi ya ng'ombe, akakishona vizuri, akakipaka mafuta, kisha akakisukuma ndani kabisa ya mpira ili upepo usikitoe. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Wala hakumwambia mtu, kwa sababu yeye wema hautangazi.

Kuanzia hapo Ndama akawa anakufa kwenye mlima wa kiwandani. Okello anashuka, anafungua kifuniko cha tangi kutazama mafuta, mafuta yapo. Anafunga, anawasha, injini inaondoka vizuri. Kesho yake, pale pale, inazima tena. Bwana Miwani, yule msaidizi wa meneja, alikuja kujionea mwenyewe. Injini ikazima, Okello akafungua kifuniko, akafunga, ikaondoka. Bwana akawa mwekundu mpaka shingoni. "Wewe nacheza na mimi!" akamwambia. "Injini mzima, wewe gonjwa!" Akasema majani yakiharibika tena njiani, Okello atarudisha ufunguo wa nyumba. Niliogopa sana, Ogola. Na mtoto wa meno mawili, na mvua hii, tungekwenda wapi?

Siku ileile Okello akatega sikio. Akasikia kifuniko kikifunguliwa, tangi linavuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyeibuka majini. Akaufungua mpira, akapitisha waya, kizibo kikatoka. Hakuuliza ni cha nani. Kilikuwa kimeshonwa sawasawa na kifuniko cha kibuyu kinacholeta maziwa ya mtoto wake.

Alimwendea Bwana akamwambia pua ya tangi ilikuwa imeziba, na kuitunza pua ile ni kazi yake. Imezibwa na nani? Hakusema. Basi akaondolewa, akapelekwa kutia kuni kwenye tanuri la kukaushia majani, na nyumba tukaachiwa mpaka mwisho wa mwezi.

Shemeji, nilichemka. Nilimwambia, "Mtaje! Yeye ana ng'ombe, wewe una nini?" Akanijibu, "Nina mikono." Nikamwambia mikono haipikwi. Akambeba mtoto, akatoka nje. Mimi nikakiweka kile kizibo dirishani makusudi, ili kila nikipita nikasirike upya.

Ndipo mzee akaja na maziwa kama kawaida. Akauliza mbona Ndama anaendeshwa na mtu mwingine, Okello ni mgonjwa? Kabla sijafungua mdomo, jicho lake likafika dirishani. Akakiweka kibuyu chini polepole. "Hii ilitoka kwa Ndama?" akaniuliza. Hasira yangu yote sikuiona ilikokwenda. Nilijifanya nampangusa Wilkista kamasi, na mtoto hakuwa na kamasi.

Mzee akaondoka bila kuaga, akaenda moja kwa moja ofisini. Ndugu yangu Makori, anayefagia huko, alimsikia kwa masikio yake akikiri, kwa Kiswahili chake, kwamba ndiye aliyeziba: "Pwana, ni mimi nasipa ile mdomo. Okello hapana jua. Ile si mtu ya mchezo."

Basi Okello akarudishiwa injini, na nyumba ni yetu. Na mzee akaambiwa arudishe taa na koti la mvua vya ulinzi. Okello alikwenda kumwombea, akasimama mlangoni mpaka akafukuzwa. Alipoingia nyumbani sikujua nicheke au nilie. Nilifanya yote mawili, ugali ukaungua, tukaula hivyo hivyo.

Alfajiri mzee alikuwa amekwisha kwenda kwa binti yake, upande wa Merigi. Hatukuagana. Jumapili ijayo tutakwenda kumtafuta, mimi na Okello na mtoto, tumpelekee sukari na blanketi. Kibuyu chake bado kiko hapa. Nimekiosha, lakini Okello amesema si vizuri kukirudisha kitupu, kwa hiyo nitakijaza uji wa wimbi, wa Kigusii, ajue na sisi tuna malezi.

Nisalimie Jerusa sana, mwambie ile lesi ya kitambaa imenifikia na majirani wamenuna. Ukimwandikia Mama Loice nyumbani, mwambie mjukuu wake ana sauti ya kwao. Makori anakusalimu. Mungu awafunike nyote, awaepushe na magonjwa ya mjini.

Nilikuwa karibu kusahau kile kiwiko cha shaba. Kama hujakitengeneza, usihangaike nacho tena. Asubuhi ile Okello aliporudi kwa Ndama alikuta kipaa kidogo kimesimama juu ya mdomo wa mpira, bati la debe lililokunjwa na kufungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Mzee alikifanya usiku wake wa mwisho. Mvua haiingii. Na kati ya bati na mpira ameacha nafasi ya kidole, ili Ndama apumue. Nimemuuliza kaka yako kama kiwiko cha fundi wa Nairobi si bora zaidi. Amesema ni bora, lakini hataki.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata usipojibu,
Nyanchoka