Miguu ya Jumwa

Diani,
22 Agosti, 1965

Kwa mdogo wangu mpendwa Jumwa,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji Mwero na watoto wote hapo Lunga Lunga. Natumaini kikohozi cha kitindamimba kimepoa, na kwamba mlifika salama siku ile, maana lori mlilopanda lilikuwa limejaa magunia hadi juu. Mimi sijambo. Jua la kwetu linanichoma kama mgeni, nami nimejificha chini ya ile kofia kubwa aliyoicheka binti yako Chome.

Nakushukuru kwa kuja kunitazama tukipiga picha. Watu wa sinema bado wanakutaja, hasa yule mama wa Kifaransa anayetupangia dansi. Ulipomwonyesha Chome jinsi Bi Halstedi, yule memsabu wa utotoni mwetu, alivyokuwa akituamuru tuinue mguu, ukiwa umejifunga leso na miguu mitupu mchangani, mama huyo aliacha chai yake ikapoa. Baadaye aliniuliza ulisomea wapi. Nikamjibu kwamba wewe una watoto wanne na shamba la mihogo.

Siku hiyo Chome aliniuliza nilifikaje Ulaya hata nikawa mtu wa sinema, nami nikamtania tu. Leo ni Jumapili, hatuna kazi. Nataka nikueleze wewe, na sitaficha kitu.

Unakumbuka marehemu baba alipokuwa mpishi wa Bi Halstedi hapa Diani, nasi tukaletwa kutoka Samburu kuishi naye. Memsabu alikuwa amecheza baleti ujanani mwake, ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole, na kwa upweke wake akaanza kutufundisha barazani, santuri ikilia dirishani. Alitufundisha miaka sita. Mwaka 1950 akarudi kwao, na baada ya miezi michache baba akaletewa barua: memsabu amepata nafasi moja katika shule ya dansi huko London, na nauli ya meli atalipa yeye. Nikaenda mimi.

Bi Halstedi alinipokea bandarini. Nilipokuwa nikishuka, alitazama nyuma yangu kwa muda mrefu, kama anayengoja mtu mwingine ateremke ngazini. Kisha akavua koti lake akanivika.

Shuleni waliniambia nina shingo nzuri na macho yanayosema, ila miguu yangu ni mizito. Nilijitesa, Jumwa. Nilicheza hadi kucha zikang'oka. Nikapata kikundi, nikazunguka nacho miji ya baridi kwa miaka saba, daima katika mstari wa nyuma, leo kijakazi, kesho kivuli msituni. Kisha kifundo cha mguu kikateguka na daktari akanikataza. Nilikuwa nikifungasha vitu vyangu alipokuja bwana mmoja wa filamu aliyekuwa ameniona jukwaani. Yeye alitaka uso tu. Katika picha ya kwanza nilibeba sinia na kusema maneno mawili. Ya tatu nilikuwa binti wa tajiri. Sasa, kama ulivyoona, picha yangu imebandikwa mpaka milangoni mwa sinema za Mombasa.

Lakini uliwaambia wale wageni jambo moja lililoninyima usingizi tangu siku hiyo. Ulisema kwa fahari, "Dada ndiye aliyechaguliwa. Alinishinda mbali." Mimi nikainama, nikajifanya napangusa mchanga miguuni.

Jumwa, sikukushinda.

Barua ya memsabu ilikuwa ya Kiingereza, na nyumbani ni mimi peke yangu niliyekuwa nimepita shule ya misheni. Baba alinikabidhi niisome, nawe ulikuwa umekaa kando yangu ukichambua mchicha. Niliipitia kimya mara mbili. Halafu nikasema, "Anamtaka Kanze." Haikuandikwa hivyo. Alikuwa amekutaka wewe.

Wakati huo Mwero, akiwa bado kibarua wa reli, alikuwa ameshaniposa, nami niliona maisha yangu yakiishia kwenye kambi ya reli ya Mackinnon Road. Hiyo ndiyo sababu, na si sababu ya kutosha. Wewe ulinikumbatia, ukalia kwa furaha, ukanipa leso yako mpya niende nayo melini. Baada ya miaka miwili ukaozwa mwanamume aliyekuwa ameniposa mimi. Juzi ulinambia kwamba ni mume mwema. Namshukuru Mungu kwa hilo, wala halinitakasi.

Bi Halstedi alijua tangu bandarini. Alilitaja mara moja tu, akiwa mgonjwa kitandani. "Yule mdogo angeruka, Kanze," alisema. Nikamjibu kwamba najua.

Sikuwahi kukuandikia haya kwa kuwa barua zangu zote alikuwa akikusomea Mwero. Juzi uliponisomea maandishi ya ubavuni mwa lori letu bila kukwama, ukacheka ukasema ni matunda ya kisomo cha watu wazima, nikakosa kisingizio.

Kuna jambo jingine. Jana mama wa Kifaransa na mwongozaji walinijia na shauri: ile dansi ya mchangani uicheze wewe, kamera ikae mbali, watazamaji wadhani ni mimi. Walitaka uso wangu na miguu yako. Nilikataa. Niliwaambia kwamba Jumwa akicheza ataonekana uso wake, na jina lake litaandikwa. Wamekubali. Wanangoja neno lako hadi tarehe kumi Septemba. Ukikataa, utakuwa umekataa wewe mwenyewe, si kusomewa na mtu.

Siombi uniambie kwamba yamepita. Nikasirikie kadiri upendavyo. Nitakuwa hapa hapa, sijakata tiketi ya kurudi.

Msalimie shemeji, na haya umweleze au usimweleze, ni juu yako. Wabusu watoto, na Chome umwambie kofia ni yake.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua ya Bi Halstedi. Nimekaa nayo miaka kumi na mitano na haikuwa yangu. Kiingereza chake utatafuta wa kukutafsiria. Lakini tazama mstari wa tatu. Hapo pana jina, na kulisoma hutamhitaji mtu.

Ni mimi dadako,
Kanze binti Nzai