Kibuyu cha Mzee Telesfori

Nyaishozi, Karagwe
16 Juni 1991

Dada yangu mpendwa Kemilembe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia hapo Mwanza, miguu imepunguza kuvimba, na shemeji bado anabishana na redio yake. Huku sote tu wazima. Wifi yako Costansia anakusalimu sana, anasema kahawa imezaa vizuri na kwamba safari hii usituletee khanga, tuletee wewe mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nimelala, na sasa nimeamka, ndiyo maana barua ni ndefu kuliko kawaida yangu.

Ulisikia kwamba nilipasuliwa ngiri. Ni kweli. Ilinibana asubuhi nikipalilia, nikaanguka katikati ya migomba nikitapika. Unajua huku mgonjwa hubebwa na chama cha machela cha kijiji, chama hichohicho kinachochimba makaburi na kuzika, na unajua katibu wake ni mimi, mwaka wa tisa sasa. Siku hiyo wanachama wote walikuwa wamekwenda Rugera kwenye msiba, na machela wamekwenda nayo. Costansia alipiga yowe, na aliyekuja mbio ni jirani yetu Fidele, mtoto wa Mzee Telesfori, ambaye si mwanachama.

Alikata miti miwili ya mkaratusi, akafunga mkeka wetu wa kitandani kwa kamba za migomba, akaita wanawe watatu. Uzito wangu unaujua. Walinifikisha barabarani, gari hakuna, wakaendelea kwa miguu mpaka hospitali, zaidi ya saa nne, wakibadilishana mabega, mkewe Therese nyuma na maji. Daktari alimwambia Costansia kwamba kama tungengoja wanachama warudi, angekuwa anatafuta mbao za jeneza. Nilipozinduka, Fidele alikuwa ameketi miguuni pangu, bega limevimba. Nilimuuliza kwa nini alijichosha kwa katibu wa chama kilichomkataa. Akasema mgonjwa ni mgonjwa, na kwamba mara nyingine nikitaka kuugua nipunguze kwanza ndizi. Nilicheka mpaka mshono ukauma, halafu nikalia, na sikumwambia kwa nini.

Pale kitandani nilimfikiria sana Baba. Unakumbuka kisa alichopenda kutusimulia, cha miaka ile ya kudai uhuru, Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipoita mkutano: viti kwa Wazungu, benchi kwa Wahindi, na Waafrika chini kwenye majani. Baba alikataa kukaa chini, akasimama juani tangu mwanzo hadi mwisho. Tumekua tukijivunia miguu ile ya Baba. Shuleni niliisimulia kila mwaka siku ya Uhuru, na kila mwaka nilirefusha muda aliosimama.

Lakini kuna nusu ya pili ambayo hatukuisimulia. Kadi za chama cha kudai uhuru zilizogawiwa huku alizibeba Mzee Telesfori, kibarua wetu wa kahawa kutoka Rwanda, akizificha ndani ya gunia la buni, kwa sababu askari hawakuwa na haja ya kumpekua kibarua. Alizibeba mwaka mzima. Yeye mwenyewe hakupewa hata moja. Wazee wa tawi letu walisema kadi si za vibarua wa kutoka nje. Na mikutano ilipofanyika kwetu, wazee walikaa ndani wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa zamu kutoka kibuyu kimoja, wakizungumza habari za usawa wa binadamu, na Telesfori alikaa nje kwenye majani ya mgomba na kibuyu chake peke yake. Kibuyu hicho kilikuwa na msumari wake nyuma ya jiko. Ni Baba yetu aliyeupigilia. Nampenda Baba, dada, na sasa namwonea haya kidogo, vyote kwa pamoja.

Nadhani naye aliona haya, kwa maana baada ya Uhuru alimpa Telesfori kile kibanja cha chini, kipande cha shamba karibu na chemchemi. Alimpa kwa mdomo. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Wewe ulikuwepo ukimenya ndizi, na waliokuwepo wengine wamekwisha kufa.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1988 Fidele aliniletea barua ya kuomba kujiunga na chama cha machela, yeye na baba yake. Nilimjibu baada ya mwezi kwamba wanachama wamekataa kwa kuwa wao ni wageni. Dada, wanachama hawakukataa. Hawakuulizwa. Barua ile sikuisoma mkutanoni, niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia ya Baba, mahali ambapo nilijua sitaifungua. Mzee alikuwa amezeeka, nami nilijua kwamba akiwa mwanachama, siku akifa chama kitamzika katika kile kibanja, na ukisha kuzika mtu mahali, hakuna wa kukuondoa. Nilikitaka kibanja hicho kwa kahawa yangu. Neno mgeni lilikuwa karibu na mdomo, nikalitumia. Fidele alizaliwa hapa, karatasi zao za uraia wanazo, na Kinyambo, lugha yetu ya hapa, anakisema kuwashinda wanangu. Na tangu vita vianze huko Rwanda mwaka jana, kila nikikaa na watu nalisikia neno lile linazunguka, na najua ni mimi niliyelipatia miguu.

Jumapili iliyopita niliwaita wanachama, nikawaita na Fidele na baba yake. Niliisoma barua ile baada ya miaka mitatu, nikasema niliificha na kwa nini. Waliguna sana, wengine wamekasirika mpaka leo, na ukatibu nimeuacha. Waombaji walikubaliwa wote wawili. Fidele alitoka nje, akakaa huko muda mrefu, kisha akarudi akakaa karibu nami. Ndipo Costansia akaleta rubisi, na Mzee Telesfori akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kibuyu chake. Miaka thelathini na zaidi, dada, bado hutembea nacho. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikakijaza, nikaonja kwanza kama mwenye nyumba anavyopaswa, nikampa. Alikunywa, kisha akauliza kama wewe ungali hai, kwa sababu katika nyumba ile ni wewe peke yako uliyekuwa unakiosha.

Asante kwa hilo, dada. Sikulijua.

Wazee wa ukoo hawataniamini mimi juu ya kibanja. Nilikuwa mchanga, na sasa ni mwongo anayejulikana. Wewe watakuamini. Njoo kabla ya mvua za Septemba useme ulichosikia, mzee ajue atalala wapi.

Msalimie shemeji, wabusu wajukuu. Therese anakuwekea maharage mapya. Kibuyu kiko hapa mezani ninapoandika. Mzee alikiacha makusudi; alisema sasa atakunywa kutoka kibuyu cha wenzake.

Mdogo wako anayekushukuru,
Pastory Kahigi